Mhusika Akibaki Peke Yake

Nikipewa muswada wa hadithi kuusoma, sianzi na ukurasa wa kwanza. Natafuta kwanza mahali ambapo mhusika amebaki peke yake: amefunga mlango, amepanda basi, amelala chali anatazama dari. Hapo mwandishi hana pa kujificha. Penye watu wawili mazungumzo yatambeba, penye ugomvi tukio litambeba, lakini mtu mmoja aliyekaa kimya anahitaji kitu cha kumfanya msomaji aendelee kukaa naye, na kitu hicho ni yale yanayopita kichwani mwake.

Ninachokikuta mara nyingi ni muhtasari. "Aliwaza jinsi maisha yake yalivyobadilika tangu baba yake alipofariki. Alikumbuka mama alivyohangaika kuwasomesha yeye na wadogo zake. Alijisikia mpweke na mwenye huzuni nyingi." Sarufi iko sawa, na huenda habari zote hizo zinahitajika katika hadithi. Ila hakuna anayewaza hivyo. Mtu hajisimulii habari anazozijua tangu utotoni, na mwenye huzuni hakai akajiambia kwamba ana huzuni nyingi. Anayepewa taarifa pale ni msomaji, na mhusika amegeuzwa kipaza sauti cha mwandishi.

Nimeandika hadithi fupi kwa miaka mingi, na za wenzangu nilizozisoma zikiwa bado rasimu ni nyingi kuliko zangu. Katika yote niliyoyaokota humo, kuna moja ambalo ndilo hasa nataka kulieleza hapa. Mtu haliwazi moja kwa moja lile linalomuuma. Analizunguka. Anashika jambo dogo lililo kando yake, analifanya kubwa, ili lile kubwa lisipate nafasi ya kuingia. Mwandishi akimfuata katika huko kuzunguka, akawa na subira asimkatishe, msomaji atajua mwenyewe panapouma ni wapi.

Nitoe mfano wa hadithi yangu moja. Kijana anayeitwa Sudi amemkopesha kaka yake, Hamza, fedha alizokuwa akiziweka kwa ajili ya kuanzisha maisha yake. Muda wa kulipa umepita, kaka hasemi kitu. Siku moja Sudi anaamua kwenda kudai. Anafika, anakaribishwa, anaketi, na anapoulizwa kulikoni anajibu, "Nimekuja kukusalimu tu, kaka."

Nilijua mapema kwamba hadithi nzima imekaa kwenye jibu hilo. Swali likawa: kinywa kikiwa kinasema vile, kichwani kuna nini? Njia nyepesi ni kuandika kinyume cha maneno yake. Moyoni alisema, nimekuja kuchukua fedha zangu. Inaeleweka, lakini inamwacha msomaji palepale alipokuwa, kwa sababu alishajua tangu Sudi anafunga kamba za viatu kwamba anakwenda kudai. Nikaandika hivi:

"Pazia lilikuwa jipya. Si jipya la jana, pengine la mwezi uliopita, lakini mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijanyooka. Pazia zito kama hili halishikwi na fimbo ya mbao, itapinda tu. Na fimbo yenyewe ni ya chuma. Kochi ni lilelile. Angalau kochi ni lilelile.

'Nimekuja kukusalimu tu, kaka.'"

Deni halikutajwa wala hasira haikutajwa. Kuna mtu anayekagua vitu katika nyumba ya mwenzake, na anayekagua namna ile ana swali moja tu, umepata wapi, ambalo hathubutu kuliuliza hata ndani ya kichwa chake mwenyewe. Badala yake anajadili uimara wa fimbo. Nadhani wengi wetu tumewahi kukaa sebuleni kwa mtu tukijadili fimbo.

Sentensi ya mwisho, ile ya kochi, niliiandika bila kuifikiria sana. Nina rafiki ambaye ni msomaji mkali. Rasimu zangu hurudi kwangu zimejaa kalamu nyekundu. Pembeni ya sentensi hiyo aliandika maneno mawili: "Huyu ameshasamehe." Mimi sikuwa nimefika huko. Nilikuwa napanga ugomvi mwishoni, sauti za juu, mlango kubamizwa. Nilipoisoma upya nikaona kweli, Sudi anatafuta kisingizio cha kutomchukia kaka yake, na kisingizio alichokipata ni kochi kuukuu. Ugomvi niliufuta, hadithi ikaishia pengine kabisa. Mawazo ya mhusika yakiandikwa kwa uaminifu yanajua mambo kabla ya mwandishi, na ukishaona hivyo mara moja unaanza kuyasoma mawazo ya wahusika wako kama ushahidi. Unaacha kuyatumia kama mapambo.

Jambo hili halikuanza na sisi. Shuleni tulifundishwa kwamba mhusika akizungumza peke yake jukwaani, hiyo ni mbinu ya uzungumzi nafsia, na kazi yake ni kuijulisha hadhira siri zake. Jibu hilo linapata alama zote kwenye mtihani. Lakini chukua tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na tafsiri yake ikatoka mwaka 1963, ufungue mwanzo wa sehemu ya pili. Ni usiku, Brutus, rafiki wa Caesar mtawala wa Roma, yuko bustanini kwake hana usingizi. Tazama mpangilio wa mawazo yake. Anaanza na hukumu: haina budi Caesar afe. Hukumu ikishatoka ndipo anatafuta sababu, na sababu zinamkatalia. Anakiri kwamba yeye binafsi hana kisa na Caesar. Anakiri hajaona hata siku moja hisia za mtu huyo zikiishinda akili yake. Kwa hiyo anahamia kwenye yale ambayo Caesar anaweza kuyafanya akishavikwa taji, anamfananisha na yai la nyoka ambalo halijaanguliwa, na kwa kosa ambalo halijatendeka anaihalalisha hukumu aliyoanza nayo.

Siri iko wapi pale? Kwamba anakusudia kuua tungejua muda si mrefu, maana wenzake katika njama wako njiani wanakuja kwake usiku uleule. Tunachopewa ni kumtazama mtu mwema akijishawishi. Angekuwa mwongo tungemdharau na kupita. Brutus anajidanganya kwa moyo safi kabisa, na ndiyo maana hadhira haimsahau.

Tangu niisome sehemu hiyo kwa jicho hilo, kila mawazo yanapofika mahali pazito katika hadithi najiuliza: huyu anajidanganya wapi hapa? Sina maana kwamba kila wazo liwe uongo. Mtu anayetafuta funguo anawaza funguo, na itachosha sana kama kila kijiko kitakuwa na maana iliyojificha. Nasema pale hadithi inapopinda. Mhusika anapoamua kuondoka, kuoa, kusema kweli, kumsaliti mtu, msomaji anataka kuona sababu anazojipa, na karibu kila mara sababu anazojipa si zile zinazomsukuma. Nafasi iliyo kati ya hizo mbili ndiyo tunayoiita kina. Husemwa moyo wa mtu ni kichaka. Basi mwenye kichaka naye hajakitembea chote.

Sasa upande wa ufundi, ambao nauona una raha yake. Mawazo yanaweza kuingia katika hadithi kwa milango mitatu. Wa kwanza, unanukuu: Sudi aliwaza, "Kaka ananiona mtoto." Wa pili, unataarifu: Sudi aliwaza kwamba kaka yake alimwona mtoto. Wa tatu, unaondoa bango la mlangoni kabisa:

"Sudi aliirudisha glasi mezani. Kaka anamwona mtoto. Miaka yote hii, bado mtoto tu."

Huyo anayesema "bado mtoto tu" ni nani? Si msimulizi peke yake, si Sudi peke yake. Nafsi imebaki ya tatu, lakini uchungu ni wa Sudi. Mlango huu ndio ninaoutumia zaidi, na Kiswahili kinautumikia vizuri mno. Masimulizi yakiwa yanakwenda kwa "li", ukateleza ghafla kwenda "na" au "ta", msomaji anajikuta ndani ya kichwa cha mtu bila kupigiwa hodi. "Alisimama nje ya mlango. Atasema nini akifungua mke wake?" Hakuna aliyeandika aliwaza, wala aliyemkosa.

Majina ya watu nayo yanasaidia. Katika hadithi ile msimulizi anamwita kaka Hamza: Hamza alicheka, Hamza alisimama. Palipo na "kaka" bila alama za kunukuu, tumeshaingia kwa Sudi, kwa sababu ni yeye tu mwenye haki ya kumwita hivyo. "Huyu" na "yule" vivyo hivyo. Mtu anayemwita mgeni "yule" ilhali wamekaa kochi moja ameshatuambia mengi. Kuna na vile viungo vidogo ambavyo mwalimu wa insha alitukataza. "Hamza alikuwa na mgeni" ni taarifa. "Kumbe ana mgeni" ni mtu aliyeshtuka. "Eti ana mgeni" ni mtu asiyeamini na ambaye hajapenda. Kwa silabi mbili umepata hisia ambayo ingekula aya nzima ya alihisi hivi na vile.

Kuhusu kuyaandika mawazo kwa hati mlazo, wahariri wengine wanapenda, mimi sipendi. Hati iliyoinama inamwambia msomaji "sasa tunaingia kichwani", na ninachotaka mimi ni asijue ameingia saa ngapi. Ila sitagombana na mhariri kwa hilo.

Mlango wa tatu una hatari yake. Msomaji asipoona "aliwaza", anaweza kudhani anayesema ni mwandishi. Mwaka 1857 mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alishtakiwa mjini Paris kwa sababu ya riwaya yake, Madame Bovary, na mwendesha mashtaka aliichukua furaha ya Emma, mhusika wake mkuu, baada ya kumsaliti mumewe kana kwamba ni Flaubert mwenyewe anayeusifu uzinzi. Aliachiwa huru. Mimi sikufikishwa mahakamani, ila niliwahi kupigiwa simu. Katika hadithi yangu moja kuna mama anayekunja nguo za wanawe huku akiwaza kwamba mmoja wao ni mzigo na hatakuja kuwa kitu kingine. Dada yangu mkubwa alisoma, akapiga simu usiku.

"Mdogo wangu, hivi watoto wako unawaona mzigo?"

"Dada, huyo ni mama wa kwenye hadithi."

"Mbona hujaandika kwamba anawaza?"

Nilicheka, lakini nilirudi kwenye ukurasa ule kuutazama. Sikuongeza "aliwaza". Niliongeza soksi. Yaani kila wazo kali nikalifunga kwenye nguo aliyoishika: shati la yule anayempenda analikunja kwa utaratibu, soksi za yule mwingine anazitupia kwenye kapu bila kuzipanga. Mikono ya mama ikawa shahidi kwamba mawazo ni yake. Dada hajanipigia tena kuhusu hadithi hiyo, sijui kama ni kwa sababu ya soksi.

Kuna suala la muda pia, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mawazo yanakula saa. Katika rasimu nyingi mtu anaulizwa swali, halafu inakuja aya ndefu ya mawazo, kumbukumbu ya utoto, majuto, mpango wa kesho, halafu ndipo anajibu, na aliyeuliza anaendelea kana kwamba amejibiwa palepale. Ukisoma kwa sauti unajikuta umesahau swali lilikuwa nini. Ninachofanya ni kuufanya ukimya huo uwepo ndani ya chumba. Mhusika akiwaza kwa aya nzima, basi amenyamaza kwa aya nzima, na mwenzake hana budi kuona. "Mbona umenyamaza?" Hapo mawazo yameleta tukio. Sasa anatakiwa atoe sababu ya kunyamaza, na sababu atakayoitoa itakuwa ya uongo, na hadithi imesogea. Kama sitaki mwenzake aone, basi wazo liwe la sentensi moja, litoshe kati ya swali na jibu.

Kwenye ugomvi mkali nakata zaidi. Mtu aliyekasirika hana nafasi ya kuwaza kwa mpangilio. Wazo lake linakuja baadaye, ngazini au kitandani, akiwa anatunga majibu ambayo angempa yule mtu. Wengi huyatia mawazo katikati ya ugomvi kwa sababu ndiko kwenye moto. Mimi nayapenda saa moja baada yake.

Vijana wanaoanza kuandika huniuliza kuhusu ile namna ya kuyamwaga mawazo yote karibu bila nukta wala mkato, kama James Joyce alivyofanya katika sura ya mwisho ya riwaya yake ya Ulysses mwaka 1922. Nawaambia wajaribu, ni zoezi zuri, linalegeza mkono. Ila wasidhani kuondoa nukta ndiko kunakoleta mawazo. Aya isiyo na nukta inaweza kuwa muhtasari uleule wa baba alipofariki, umevuliwa viatu tu.

Na kuruka kutoka kichwa hiki kwenda kile ndani ya tukio moja? Inawezekana, wapo wanaoiweza. Mimi nabaki kwenye kichwa kimoja hadi tukio liishe, na sababu yangu ni Hamza.

Wasomaji kadhaa wa hadithi ya Sudi wamenilaumu kwamba Hamza amefungwa. Anacheka, anauliza habari za nyumbani, anamwekea mgeni wake maji, na hatuambiwi hata mara moja anawaza nini. Wanataka kujua: alikuwa na nia ya kulipa? Anajua kwa nini mdogo wake amekuja? Nawaelewa. Lakini Sudi hajui, na kutojua kwake ndiko kunakomfanya awaze kama anavyowaza. Ningefungua kichwa cha Hamza kwa sentensi mbili tu, makadirio yote ya Sudi yangegeuka kuwa ama sahihi ama makosa, na msomaji angeacha kukadiria pamoja naye. Mhusika ambaye mawazo yake hayatolewi naye ana kina, ilimradi kuna mtu mwingine anayehangaika kumsoma.

Hiyo haina maana kwamba mimi sikuyajua mawazo ya Hamza. Niliyaandika. Ukurasa mzima, kwa nafsi ya kwanza, kwa macho yangu peke yangu. Nilitaka kujua anapofungua mlango na kumwona mdogo wake ameshika kofia mkononi, nini kinampita. Ilionekana alijua papo hapo. Alijua pia kwamba Sudi hatasema, na akajichukia kwa jinsi alivyofurahi kulijua hilo. Halafu akaona macho ya Sudi yamekwenda dirishani. Pazia ni la mkewe, amelinunua kwa fedha zake mwenyewe, hakuna hata senti ya Sudi humo, na Hamza hawezi kulisema hilo bila kwanza kulitaja deni.

Katika ukurasa huo wote nilichukua kitu kimoja. Hamza anainuka katikati ya mazungumzo, analisukuma pazia lote pembeni hadi linajificha nyuma ya kabati, anasema, "Joto leo," na anarudi kuketi. Sababu haikuandikwa. Rafiki yangu wa kalamu nyekundu aliuliza pembeni, "Kwa nini analifungua?" kisha, chini kidogo, kwa mwandiko wa haraka zaidi, "Aa."

Siku hizi nafanya hivyo kwa karibu kila mhusika niliyemfunga: namwandikia mawazo yake yote, nachukua tendo moja lililozaliwa humo, mengine nayaacha kwenye faili pamoja na rasimu. Baadhi ya mafaili hayo yana kurasa nyingi za mawazo ambayo hayatachapishwa kuliko kurasa za hadithi yenyewe, na mtu akiniuliza kama huo si upotevu wa muda, humwonyesha ukurasa wa Hamza.